Macho Hayana Pazia, Lakini Miwani Yako Je?

  Mwezi huu naomba tuzungumzie kitu ambacho pengine hukutegemea kukikuta kwenye safu hii: lenzi za miwani. Sizungumzii fremu, maana kwenye fremu kila mtu ni fundi. Nazungumzia ule utando mwembamba, usioonekana, unaowekwa juu ya lenzi ili isirudishe mwanga. Madukani wenyewe wanauita antiglea.

Najua yupo anayesema, "Ah, mambo ya kliniki ya macho na mapenzi wapi na wapi?" Ngoja kwanza. Utando huu unagusa vitu vitatu ambavyo vijana wa kazi tunavijali sana: sura zetu, usalama wetu barabarani na hela zetu. Ukiwa na mwenzi, unagusa hata mazungumzo yenu. Halafu ndiyo kitu ambacho watu wengi wanakilipia, kinaharibika ndani ya miezi michache, na hawajui kimeharibiwa na nini. Wanabaki kusema, "Waliniibia pale dukani." Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine mwizi ni dashibodi ya gari lao wenyewe.

Taa ya ukumbini badala ya macho

Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini mwenye miwani ya kawaida anatembea na pazia usoni. Mwanga ukifika kwenye lenzi isiyo na utando, karibu asilimia 4 hurudi ulikotoka pale unapoingia, na karibu asilimia 4 nyingine hurudi pale unapotoka upande wa pili. Jumla asilimia 8. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo hiyo inayomfanya aliyekaa mbele yako aone taa ya ukumbini, dirisha au skrini ya kompyuta badala ya macho yako.

Kama namba yako ni kubwa na umenunua zile lenzi nyembamba za bei mbaya, tatizo linaongezeka. Zimekuwa nyembamba kwa sababu plastiki yake hupinda mwanga zaidi, na kadiri inavyoupinda zaidi ndivyo inavyourudisha zaidi. Baadhi ya lenzi hizo, zisipowekewa utando, hurudisha kama asilimia 12.

Chukua albamu yoyote ya harusi au sendofu. Wote wametoka vizuri, ila mjomba mwenye miwani ana duara mbili nyeupe mahali pa macho. Ni mwanga wa kamera umegonga lenzi ukarudi. Sasa fikiria usaili wa kazi kwa njia ya video, na bosi anaona skrini yako imejichora kwenye miwani. Fikiria wapenzi waliotenganishwa na kazi, mmoja Mwanza na mwingine Dar, wanaongea kwa video kila usiku, na mmoja haoni kama mwenzake analengwalengwa na machozi. Macho ndiyo yanayotuambia kama mtu anatania au ameumia. Yakifichwa, mnabaki kubahatisha.

Mume aliyeukimbia usiku

Wapo wanandoa ninaowafahamu, wote wana kazi nzuri tu, wanaishi Tegeta. Ilifika wakati mume akawa hataki kutoka usiku. Shughuli kwa wakwe, anaumwa kichwa. Chakula cha jioni mjini, amechoka. Jumamosi mke anakwenda peke yake, na mashoga zake, si unajua tena, wakaanza kumtia maneno: mwanaume asiyetaka kutoka na mkewe ana nyumba ndogo.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Mume wangu, kama umenichoka niambie."

Bwana akanyamaza, kisha akasema ukweli. "Mke wangu, usiku sioni vizuri. Magari yakinijia mbele naona taa mara mbili mbili. Juzi nimemkosakosa mtu wa baiskeli. Niliona aibu kukwambia."

Kumbe hakuna nyumba ndogo wala kubwa. Kesho yake wakaenda kwa daktari wa macho. Hakuwa na mtoto wa jicho, ila namba ilikuwa imebadilika na lenzi zake za zamani hazikuwa na utando wowote. Usiku, mwanga wa taa ulikuwa unadunda ndani ya lenzi na kutengeneza taa za uongo pembeni ya taa za kweli. Na mwanga wa magari ya nyuma ulikuwa unagonga upande wa ndani wa lenzi na kumrudia machoni. Mke akatoa hela yake ya kikoba, akamnunulia lenzi mpya zenye utando. Bwana akarudi barabarani, na Jumamosi zao zikarudi.

Baada ya miezi minne lenzi zikaanza kufanya mistari midogo midogo kama utando wa buibui. Bwana alikuwa na mtindo wa kuiacha miwani juu ya dashibodi, gari liko juani ofisini kuanzia asubuhi hadi jioni. Dukani wakasema joto halimo kwenye dhamana. Ugomvi uliofuata nyumbani haukuwa mdogo, kwa sababu mke hakuona plastiki iliyoharibika. Aliona hela aliyoiweka wiki baada ya wiki, na mtu ambaye hakuithamini. Mume naye alisema kweli kabisa: hakuna aliyemwambia.

Basi leo nawaambia ninyi.

Mwanamke aliyekiua kivuli cha kioo

Tuanze na jinsi utando unavyofanya kazi. Mwanga husafiri kwa mawimbi. Ukiweka utando juu ya lenzi, mwanga unaorudi unakuwa wa aina mbili: mmoja umerudi kutoka juu ya utando, mwingine kutoka chini yake. Utando ukiwa na unene unaotakiwa, huu wa pili unachelewa kidogo tu, kiasi kwamba mgongo wa wimbi moja unakutana na bonde la jingine. Ni kama watu wawili wanaousukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani na yule yuko nje, kwa nguvu sawasawa: mlango hausogei. Mawimbi hayo yanauana, na mwanga ambao ungerudi unapita kwenda machoni. Unene wenyewe ni robo ya urefu wa wimbi. Kwa mwanga wa kijani ni kama sehemu 1 ya 10,000 ya milimita.

Mmoja wa waliotuletea jambo hili ni mwanamke, na nampenda kwa hilo. Katharine Blodgett alizaliwa mwaka 1898 huko Schenectady, jimbo la New York nchini Marekani. Baba yake aliuawa kwa risasi na mwizi kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Akifanya kazi katika maabara ya General Electric, mwaka 1938 alitangaza kioo kisichorudisha mwanga. Alikipaka tabaka 44 za kitu cha jamii ya sabuni, kila tabaka likiwa na unene wa molekuli moja tu. Kioo kile kilipitisha zaidi ya asilimia 99 ya mwanga, na magazeti yakakiita kioo kisichoonekana. Ujerumani nako, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alikuwa amebuni njia yake mwaka 1935, lakini jeshi likaifanya siri.

Utando wa Blodgett ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulikuwa laini. Ukiufuta kwa kitambaa, umeondoka nao. Kwa hiyo kazi ya wataalamu tangu wakati ule haikuwa tu kuzuia mng'ao. Ilikuwa kuutengeneza utando unaodumu.

Kwa nini plastiki inasumbua

Kwenye kamera na darubini walipata dawa mapema. Waliyeyusha madini ndani ya chemba isiyo na hewa, mvuke wake ukaganda juu ya kioo, na kioo chenyewe wakakipasha moto mkali. Utando ukashika na kukakamaa.

Lenzi nyingi za miwani za leo lakini ni za plastiki. Plastiki ni nyepesi na haivunjiki ovyo, ila moto wa namna ile haiuwezi. Ndiyo maana mzee wako akikuambia "hizo huwa zinabanduka, mwanangu," usimcheke. Za zamani zilikuwa zinabanduka kweli. Siku hizi viwanda vizuri hutumia miale ya ayoni kuugongea utando ushikamane, bila moto mkali. Na hawaweki tabaka moja. Kwanza lenzi hupakwa koti gumu la kuzuia mikwaruzo. Juu yake zinakuja tabaka kadhaa nyembamba za madini, kama silika na oksidi ya titani, zikipishana. Mwisho kabisa ni ngozi laini inayofukuza maji, mafuta na alama za vidole.

Adui mkubwa anayebaki ni joto. Plastiki ikipata joto hutanuka mara nyingi zaidi kuliko madini yaliyo juu yake. Plastiki inavutika, madini hayavutiki, matokeo yake yanapasuka. Dashibodi ya gari lililoachwa kwenye jua letu inaweza kupita nyuzi joto 60. Hapo ndipo unapoiona ile mistari ya buibui, na ikishatokea hakuna fundi wa kuirudisha. Ni kubadili lenzi.

Adui wa pili ni vumbi. Ndani ya vumbi kuna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki. Ukiifuta miwani kavukavu kwa pindo la shati au khanga, unaipiga msasa.

Kabla ya kutoa hela

Ukienda dukani, kuwa na mwenzi wako kama inawezekana. Wanne wanaona zaidi ya wawili, yaani macho. Uliza haya bila aibu:

1. Utando uko pande zote mbili za lenzi? Upande wa ndani ndio unaozuia taa za nyuma kukurudia machoni, kwa hiyo usikubali upande mmoja tu kwa miwani ya kuendeshea gari.

2. Chini yake kuna koti gumu? Utando mwembamba juu ya plastiki laini ni kama vigae juu ya udongo usioshindiliwa.

3. Juu yake kuna ngozi ya kufukuza maji na mafuta? Muombe akuonyeshe kwenye lenzi ya mfano. Tone la maji linatakiwa lijikusanye kama ushanga na kuteleza, lisitandae.

4. Dhamana ni ya muda gani, na inahusu nini? Kubanduka ni kitu kimoja, mikwaruzo kitu kingine, joto kitu kingine. Ipate kwa maandishi, siyo kwa tabasamu.

5. Bei ya utando ni kiasi gani peke yake? Ikitajwa bei moja ya jumla huwezi kujua unalipia nini.

Ukiletewa miwani, ipime hapohapo. Ishike chini ya taa ya tyubu uangalie kivuli cha taa kwenye lenzi. Kama ni cheupe na kikali, hakuna utando. Kama ni hafifu, chenye rangi ya kijani au bluu, upo. Geuza lenzi, angalia na upande wa pili.

Na kama mfuko umebana? Kwanza kabisa lipia vipimo sahihi na lenzi zenye namba sahihi, hapo pasiguswe. Baada ya hapo utando apewe kwanza anayeendesha gari usiku, mwenye namba kubwa, na anayeshinda mbele ya skrini au mbele ya watu. Miwani ya kusomea gazeti kitandani inaweza kusubiri.

Usiuziwe ndoto

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana wauzaji wengine wana maneno matamu kuliko mchumba wa kwanza.

Utando wa kuzuia mng'ao siyo miwani ya jua, na peke yake haimaanishi kuwa umekingwa na miale ya jua inayodhuru macho. Kinga hiyo iulizie kivyake. Wala siyo ile miwani inayobadilika rangi ukitoka nje, hiyo ni teknolojia nyingine kabisa.

Lenzi za kuchuja mwanga wa bluu nazo zinauzwa sana kwa wafanyakazi wa ofisini. Mwaka 2023 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio 17 na kuona kwamba, kwa muda mfupi, huenda lenzi hizo zisipunguze uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Macho yako yanachoka kwa kompyuta hasa kwa sababu unakodoa bila kupepesa na bila kupumzika. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu cha mbali kwa sekunde kadhaa. Hiyo ni bure.

Na ile miwani ya njano inayouzwa kwenye foleni eti ya kuendeshea usiku? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliotumia mashine ya kuigiza uendeshaji, ulikuta haikuwasaidia madereva kuwaona watembea kwa miguu vizuri zaidi. Lenzi ya rangi inapunguza mwanga, na usiku mwanga wenyewe ni mchache. Lenzi nyeupe yenye utando mzuri hufanya kinyume: inaongeza mwanga unaofika machoni.

Lakini hata utando bora haufuti taa kali za gari linalokuja. Unafuta vivuli vyake tu. Kama taa za usiku zinakusumbua kuliko zamani, anza kwa daktari wa macho, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya mtoto wa jicho. Halafu safisha na kioo cha gari, ndani na nje.

Nyumbani sasa

Kiwanda kimefanya nusu ya kazi, nusu nyingine ni yako. Haya ndiyo ya kuzingatia:

- Osha kabla ya kufuta. Tumia maji ya bomba ya kawaida, yasiwe ya moto, na tone la sabuni ya vyombo. Kung'uta maji, kisha kausha kwa kitambaa laini cha mikrofaiba. Tishu na khanga weka pembeni.
- Kitambaa chenyewe kifuliwe, bila dawa ya kulainisha nguo.
- Dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia na siki zisiguse lenzi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha ndiyo kabisa.
- Pulizia manukato na dawa ya nywele kwanza, vaa miwani baadaye.
- Unapokaanga samaki au kufunua sufuria yenye mvuke mkali, vua au kaa mbali kidogo. Ukifungua ovena, usiinamie.
- Ukishuka garini, shuka na miwani. Ukiivua, iweke ndani ya kasha lake, siyo mfukoni pamoja na funguo.

Jambo la mwisho ni kwenu mlio wawili. Wapo wanaume, na wanawake pia, ambao wataendesha gari wakiwa hawaoni miaka miwili ili tu wasionekane wazee. Mwenzi wako akianza kukwepa usiku, kupunguza mwendo ovyo au kukunja uso kila gari linapokuja, usikimbilie kuuliza ni nani anayempigia simu. Muulize kwanza, "Unaona vizuri?" Na wewe unayeulizwa, sema kweli. Kuna watoto kwenye kiti cha nyuma na kuna mtu wa baiskeli barabarani, na wote hao wanategemea macho yako.

Jumamosi hii kaeni sebuleni, washeni taa ya tyubu, kila mmoja aikague miwani ya mwenzake. Angalieni kivuli, angalieni mistari, kisha muioshe vizuri. Kazi ya dakika 5 tu.